Mjamzito wa Kwenye Dashibodi

Kihonda, usiku wa kuamkia safari

Mwanangu Mwanaidi,

Umelala, au umejifanya umelala ili shangazi yako Siwema aache kukuhutubia. Nimekuwa nikimsikia kupitia ukutani tangu tumalize kula. Amekwambia usinunue mayai ya kuchemsha njiani, ulalie simu yako ndani ya basi, ukifika Mwanza umpigie yeye kwanza ndipo unipigie mimi, na usimwamini mtu anayekuita dada kabla hajajua jina lako. Yote ni kweli na mimi sina la kuongeza. Dada yangu amekulea tangu mama yako atutoke, ana haki ya kuhutubia hadi asubuhi akitaka. Mimi nimekuja huku bandani, nimesogeza redio za watu pembeni, nimefuta meza, nakuandikia.

Utajiuliza kwa nini sikwambii kwa mdomo. Mimi na wewe tukikaa pamoja tunaongea habari za waya. "Baba, fyuzi hii ya ngapi?" "Ya kumi." "Baba, umeiona koleo ndogo?" Tumeishi hivyo muda mrefu, na kusema kweli tumeishi kwa amani kuliko nyumba nyingi ninazozijua. Lakini juzi tukiwa tunakula ulisema jambo huku umeangalia sahani. Ulisema bosi wa ile karakana ya Mwanza amepiga simu, kwamba magari yaliyopata ajali yanaingia kwake kila siku, na wewe ndiye utakuwa mtu wa visanduku. Shangazi yako akauliza visanduku vya nini. Ukamjibu, "Vya umeme, shangazi." Mimi nikainuka nikaenda kunawa, na tonge lilikuwa bado mkononi. Najua uliona.

Basi nakuandikia mambo ambayo karibu yote unayajua. Ulikuwepo. Hatujawahi kuyasema tu.

Kwenye begi lako dogo, ndani ya soksi zangu za sufu, nimekuwekea adapta ya kusomea chipu. Usishangae kwa nini soksi, sikupata kitu kingine laini. Ni ile ile ya zamani, yenye mkono mdogo wa chuma unaoinuliwa ili miguu ya chipu iingie bila kupinda, na unaoshushwa ili iibane. Wewe una mpya uliyopewa chuoni, najua, na ni nzuri. Hii ibaki ya akiba. Sitaki kubaki nayo hapa na sitaki kuitupa, na hayo ndiyo maelezo yote niliyonayo.

Nilipoinunua Kariakoo, hapa Kihonda hakukuwa na fundi mwingine mwenye kitu kama hicho. Watu walileta bodi zao, wakaona mashine imekufa, wakaambiwa wanunue nyingine. Mimi nilijua kwamba mara nyingi mashine haijafa, imesahau. Ndani yake kuna chipu yenye miguu minane, ndogo kuliko punje ya maharage, inayoshika kumbukumbu, na kumbukumbu ikivurugika mashine haijui tena ni nani. Ukiitoa chipu ile, ukaiweka kwenye adapta, ukaisoma kwa kompyuta, ukaisahihisha na kuirudisha, mashine inaamka. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilimwita mama yako aje aone. Alitazama, akasema, "Sasa hapo umefanya nini, mbona ni taa tu imewaka?" Kisha akaniletea chai yenye mdalasini mwingi, ndivyo alivyokuwa akisifu.

Kazi hiyo niliijua kwa kuungua. Nilipoanza kuna watu wa mashamba ya mpunga kule Dakawa waliniita kutengeneza bodi ya pampu yao ya maji. Nilifika nikiwa na haraka, nikaingiza chipu kwenye adapta nyuma mbele, yaani kidoti kinachoonyesha mguu wa kwanza kikaangalia upande wa mwisho. Nilipowasha, harufu ilikuja kabla sijaondoa kidole. Wale wazee walisimama nyuma yangu na majembe yao. Nilirudi Morogoro kutafuta chipu nyingine na wao wakachota maji kwa ndoo hadi niliporudi. Tangu siku ile nimekuwa mwoga sana wa chipu. Betri naitoa kwanza na nasubiri, maana visanduku vingine huweka akiba ya umeme tumboni hata baada ya betri kutoka. Nagusa chuma kilichozikwa ardhini ili umeme wa mwili wangu ubaki pale. Naweka kioo cha kukuzia na kusoma maandishi ya mgongoni herufi kwa herufi, kwa sababu zinafanana kama mapacha na moja inakunywa volti tano wakati nduguye ukimpa tano anakufa. Nasoma kabla sijafuta, nasoma tena, nalinganisha. Nakala zikitofautiana najua miguu haijagusa vizuri, nasafisha, naanza upya. Haya wewe unayajua kunizidi. Nayaandika ili ujue kwamba siku ninayotaka kukusimulia niliyafanya yote, moja baada ya jingine, bila kuruka.

Chipu ukiikosea inanuka papo hapo, Mwanaidi. Mtu ukimkosea hanuki. Unaendelea kula naye.

Mjomba wako Kibwana alinunua lile pikapu la kijani msimu ambao mdalasini ulikuwa na bei. Lilikuwa limeshapata ajali huko lilikotoka. Bati lake lilinyooshwa vizuri na rangi ikapakwa, ungeliona ungesema jipya. Lakini kwenye dashibodi taa nyekundu ilikuwa inawaka muda wote. Ile alama unaijua: mtu ameketi, amefunga mkanda, na mbele ya kifua chake kuna duara. Duara ndio mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga ili kifua kisifike kwenye chuma. Taa ile ikikataa kuzimika, gari linakwambia kwamba mifuko haipo.

Mama yako hakuisoma hivyo. Siku Kibwana alipolileta gari hapa nje alichungulia dirishani akasema, "Mbona humu ndani kuna mjamzito?"

Kibwana alicheka hadi akashikilia mlango. "Zena, we dada yangu! Mjamzito yuko wapi?"

"Huyo hapo, na tumbo lake. Cheka tu, kaka. Mjamzito mwekundu namna hiyo si heri. Mbele mimi sikai, nakaa nyuma na ndizi zangu."

Na kweli alikaa nyuma. Kila alipopanda Kinole kwenda kwenye shamba la kwao, na kila aliposhuka na mikungu na vifurushi vya mdalasini, alikaa nyuma juu ya mizigo, na mvua ikinyesha alijifunika turubai. Watu wa njiani walimtania kwamba kaka yake kamnyima kiti. Hakujali. Ukaidi ule unaufahamu, unaamka nao kila asubuhi.

Mjomba wako ndiye aliyeumia. Safari zake zilikuwa kubeba mizigo na watu kutoka mlimani, na kila aliyepanda alisikia habari za mjamzito, maana mama yako alizisambaza Kinole nzima. Watu wakaanza kugombea kukaa nyuma. Ndipo alipokuja hapa bandani, akaketi kwenye hiki kigoda ninachowekea miguu sasa.

"Shemeji, hiyo taa inanitia aibu. We si fundi? Izime."

"Mifuko umebadilisha?"

"Nitabadilisha. Mdalasini ukitoka vizuri, Mungu akijalia, nabadilisha yote. We zima kwanza."

"Ikizimwa bila mifuko inakuwa uongo, shemeji."

"Uongo gani? Taa ni taa. Au hujui kuizima? Sema tu kama hujui, nimpelekee fundi wa Dar."

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilikubali kwa sababu alikuwa shemeji yangu. Kwa watu wengine sababu hiyo ni nyepesi, lakini wewe ni Mluguru, unajua uzito wake. Mtoto ni wa ukoo wa mama, wa lukolo lao. Shamba tulilokula matunda yake ni lao. Kaka wa mke ndiye mwenye neno juu ya watoto wangu, siku ya harusi zao na siku ya misiba yao, na baba ni mgeni anayeheshimiwa mradi asijisahau. Mgeni hamwambii mwenye nyumba hapana. Hata baba yangu alilelewa hivyo, naye hakumwambia mjomba wangu hapana hata siku moja.

Hayo yote ni kweli, na sikuyafanya kwa sababu hiyo. Nilifanya kwa sababu alisema "kama hujui". Mjomba wako tangu nimwoe dada yake alikuwa ananiita fundi redio. Mbele ya wageni, mbele ya watoto: "Huyu shemeji yangu, fundi redio." Nilitaka anione. Nilikuwa na adapta ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na nilitaka aketi kwenye kigoda aone kumbukumbu ya gari zima ikipanda kwenye kioo cha kompyuta, na mimi nikiifuta.

Nilifanya kazi safi sana siku ile. Nilitoa betri, nikasubiri. Nilikifungua kisanduku kilichoko chini katikati ya viti, nikaipata chipu, nikaing'oa bila kuunguza hata njia moja ya shaba. Kidoti kilikaa kwenye alama. Volti zilikuwa sahihi. Nilisoma, nikasoma tena, nakala zikafanana. Ndani yake kulikuwa na habari ya ile ajali ya kwanza, gari limeandika lenyewe kwamba liligonga na kwamba mifuko yake imekwisha. Niliifuta sehemu ile. Kisha, kwa kuwa kisanduku kingegundua mara moja kwamba mifuko haipo, nikaweka rezista mahali pa mifuko, vile vidude vyenye mistari ya rangi ulivyokuwa ukivipanga mezani kama shanga. Kisanduku kikipima kinakuta upinzani unaofaa, kinaamini mifuko imerudi. Nilipowasha gari taa iliwaka kidogo kama inavyopaswa, halafu ikazimika. Kibwana alijipigapiga mapajani. Akasema, "Fundi wewe." Hakusema redio.

Na mimi nilifurahi. Nataka ujue hilo pia, kwamba nilifurahi.

Jioni yake ulikuwa umekaa mkekani unachagua mchele. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni anafunga kanga, kesho yake alikuwa anakwenda Kinole. Akaniuliza, "Baba Mwanaidi, kaka anasema gari limepona. Kweli?"

Nikasema, "Limepona."

Neno moja. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi niliyejikwaa kidole Dakawa nilidhani nimeshamaliza kujikwaa. Wewe uliinua kichwa kutoka kwenye ungo. Ulikuwa umeshinda bandani siku ile, uliniona nikikata zile rezista. Ulinitazama, kisha ukarudi kwenye mchele. Tangu hapo sijui kama ulitazama kwa sababu ulielewa au kwa sababu watoto hutazama tu. Sijawahi kukuuliza. Naona aibu kukuuliza hata sasa kwenye karatasi, kwa hiyo usinijibu.

Kesho yake mama yako alikaa mbele. Hilo mjomba wako alinieleza baadaye. Alizunguka akaangalia dashibodi, akasema, "Amejifungua salama," akapanda kiti cha mbele kwa mara ya kwanza, akawapungia mkono wale waliokuwa wakimtania. Siku ya kurudi ilinyesha, ile mvua ya masika inayogeuza barabara ya Kinole kuwa uji. Kwenye kona juu ya mto gari likateleza, likashuka kwenye ukingo, likasimamishwa na mfenesi. Halikuwa likienda kasi. Mkanda alikuwa amefunga, maana kona zile alikuwa akiziogopa tangu utotoni, lakini nao ulikuwa umeshatumika kwenye ajali ya kwanza, haukubana. Mjomba wako aliumia mguu kwenye usukani. Mama yako alitoka mwenyewe garini. Alikaa chini ya mfenesi akasema kifua kinamuuma, akaomba maji. Waliokuja kumbeba walisema alikuwa anaulizia ndizi zake kama zimepondeka. Hawakufika naye mjini.

Nilipokwenda kuliangalia gari niling'oa kile kisanduku pamoja na dashibodi. Nilimwambia askari kwamba mimi ni fundi, akaniacha. Nilikileta hapa, nikatoa chipu, nikaiweka kwenye adapta kwa uangalifu ule ule, nikasoma. Nilitegemea kukuta ile kumbukumbu safi niliyoiandika mimi. Sikuikuta. Kisanduku kilikuwa kimeandika upya. Kiliona gari linagonga, kikatambua kwamba mbele kuna hatari, kikatoa amri mifuko ifumuke. Amri ilitoka vizuri, kwa wakati wake. Ikaenda kwenye rezista zangu.

Kilifanya kazi yake, mwanangu. Kilimwita msaidizi niliyekidanganya kwamba yupo.

Sijamwambia mtu hilo kabla ya barua hii. Hata Kibwana sijamwambia, maana sijui angelifanya nini. Lakini yeye ana lake. Alisema alipozinduka, amelala juu ya usukani, kitu cha kwanza kukiona ni taa nyekundu. Mjamzito alikuwa amerudi, anawaka.

Siku ya arobaini wazee wa lukolo waliketi Kinole, kwenye uwanja wa nyumba ya bibi yako. Unakumbuka, ulikuwa jikoni na wanawake lakini ulisikia. Kibwana alisema, "Taa ilikuwa inatuonya. Shemeji aliizima." Wazee wakanigeukia. Nikasema niliizima. Sikusema nani aliniomba, na yeye hakusema. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Walinipa maji ya kunawa kama kawaida, nikala pilau na watu, na hakuna aliyeketi karibu nami ila Siwema.

Wewe baada ya pale uliacha kumwamkia mjomba wako. Ulikuwa mdogo, watu wakasema ni huzuni. Sasa u mtu mzima na bado unapita mbele yake ukisema "shikamoo" kwa midomo bila sauti. Unadhani unanitetea. Nakushukuru, lakini niache. Mwaka mmoja baada ya msiba alishuka hapa na mkungu wa ndizi, mguu ule unaburuzika. Aliketi kwenye kigoda. Nilikuwa nafungua pasi ya mtu.

Akasema, "Uliniuliza kama nimebadilisha mifuko."

"Nilikuuliza."

"Nikakuzuga."

"Ningeweza kukataa."

"Ungeweza," akasema.

Nikarudi kwenye pasi. Adhana ya alasiri ilipolia akainuka, akaacha ndizi mezani, akaondoka. Hatujasema tena habari ile. Anakuja, tunaongea mvua na bei ya pilipili manga. Watu wawili waliobeba jeneza moja hawana haja ya kuambiana ni zito. Kesho atakuwa stendi ya Msamvu kabla yako, kwa sababu ndiye mwenye neno la kukuaga, na ameshuka mlimani kwa mguu ule ili alitoe. Mwamkie kwa sauti, asikie. Sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe sijui kama nimemsamehe, wala kama mimi nimesamehewa, na kwa nani.

Uliposema unataka kusomea umeme wa magari sikukuuliza sababu. Nilikulipia nikanyamaza. Siku nyingine nilidhani unasoma ili unifuate, siku nyingine nilidhani unasoma ili siku moja uketi na kile kisanduku unipe hukumu yako kwa lugha ya kitaalamu. Labda uliipenda tu kazi, kama nilivyoipenda mimi. Una mikono ya mama yako, haina papara. Nimekutazama ukiweka chipu kwenye adapta na sijaona fundi anayeshusha ule mkono wa chuma kwa upole kama wewe. Na hilo ndilo linaloniogopesha. Fundi mbovu angeshindwa kuizima ile taa, na mama yako angerudi nyumbani amelowa, juu ya ndizi zake.

Utakuwa mtu wa visanduku. Kazi yenyewe ni halali, usije ukanielewa vibaya. Gari limepata ajali, mwenyewe akanunua mifuko mipya na mikanda mipya, kisanduku bado kina kumbukumbu ya msiba wa zamani, unaifuta, gari linaendelea na maisha. Ningefurahi ufanye hivyo maisha yako yote. Lakini utaombwa pia kazi ile nyingine, ya kuzima taa bila mifuko. Na nimekaa hapa nikijaribu kufikiria mtu atakayekuomba ana sura gani, nikaona kwamba ukimtarajia mwizi hutamtambua. Jambazi ungemkataa mlangoni. Atakayekuomba atakuwa mtu mzuri. Atakuwa bosi wako aliyekukopesha kodi ya chumba, au mama lishe anayekuwekea kiporo cha samaki, ambaye mwanawe amepata gari la kuanzia maisha. Atasema nitabadilisha baadaye, na atakuwa anamaanisha, kama Kibwana alivyomaanisha. Na wewe utakuwa na njaa ya kuonekana, maana utakuwa msichana peke yako kati ya wanaume wanaokuita dada, na mmoja wao atasema, "Au hujui?"

Hapo sijui utafanya nini. Sikuagizi. Ningekuwa na mamlaka ya kuagiza ningeyatumia siku ile nikiwa mlangoni na mama yako. Naweza tu kukuambia swali ambalo sikuuliza. Niliuliza kama mifuko imebadilishwa, swali la fundi, nikapewa jibu la mteja. Sikuuliza nani atakaa mbele. Ningeuliza hivyo Kibwana angelazimika kutaja jina, na mimi ningelisikia. Wewe uliza. Uliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Hili gari, nani anakaa mbele?" Halafu usikilize jina, ndipo uamue mikono yako ifanye nini.

Ukipoteza kazi kwa ajili ya swali hilo, rudi. Meza ipo, kigoda kipo, redio za Kihonda haziishi kuharibika. Hakuna atakayekucheka ila Siwema, naye atakucheka huku anakupakulia.

Nimeandika mengi na wino umeanza kuniishia. Shangazi yako amenyamaza, sasa nasikia wewe unakoroma, na unakoroma kama mama yako, kwa kituo.

Jambo la mwisho. Alfajiri utapita humu bandani kwenda nje. Najua tabia ya mkono wako, unafika kwenye swichi kabla miguu haijafika mlangoni. Umezima taa na feni za nyumba hii tangu ukiwa huzifikii, unavuta kigoda. Zima feni. Zima taa ya meza kama nitakuwa nimesinzia. Lakini kwenye ukuta wa nyuma utaona nimeegesha dashibodi ya pikapu la mjomba wako, nimeiunganisha na kile kisanduku, na umeme wake unatoka kwenye swichi ya mwisho kulia. Tangu nilipoking'oa sijathubutu kufuta yale kiliyoyaandika siku ile, na leo ndiyo mara ya kwanza nimekiwasha. Mjamzito anawaka. Nilidhani nitashindwa kumtazama, na nimeandika barua yote hii kwa mwanga wake na wa taa ya meza.

Hiyo swichi usiiguse, Mwanaidi. Mwache awake. Mimi ndiye ninayekaa mbele sasa.

Baba yako